Niliitika kwa Jina la Marehemu

Niliishia pale Mwalimu Haruko aliponishika mabega yote mawili kwenye stesheni ya treni ya Kyoto, akaniita Yustina, nami nikaitika.

Kama hukusoma wiki zilizopita, jua haya machache. Mimi naitwa Verdiana. Nimezaliwa Usevya na sasa nauza mchele Kashaulili, Mpanda mjini. Yustina alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Alifariki mwaka 2007 akijifungua, na mtoto wake, Nyanzala, nimemlea mimi akijua mama yake ni mimi.

Mwalimu Haruko ni Mjapani aliyekuja kujitolea Usevya akamfundisha Yustina hesabu sekondari. Alipoondoka aliendelea kumwandikia. Yustina alipokufa, ikaja barua nyingine, na mimi nikaijibu kwa jina la Yustina, pamoja na zote zilizofuata. Miaka kumi na saba. Mwaka huu akatuma mwaliko nikamtembelee hotelini kwake. Kuhusu pasipoti nilimwambia Verdiana ndilo jina langu la ubatizo. Alikubali bila kuuliza neno, na hilo lilitakiwa kunishtua mapema.

Kuna kitu kimoja sijakiandika mpaka leo kwenye gazeti hili. Leo nitakiandika.

Hoteli yake ina vyumba saba tu. Ni nyumba ya mbao aliyorithi kwa baba yake, iko katikati ya mtaa wa mahekalu ya zamani. Ukifungua dirisha unaona paa la hekalu, ukifungua la pili unaona jingine. Viatu unaacha mlangoni. Unalala chini, juu ya mikeka minene, na mlango wa chumba ni karatasi unayoisukuma pembeni.

Ndugu msomaji, mlango wa karatasi haumfichi mtu mwenye siri. Nililala nimeuma shuka nisije nikaongea ndotoni.

Asubuhi Mwalimu aliniletea chakula kwa mikono yake mwenyewe. Ni mama wa miaka sabini sasa, mwembamba, nywele nyeupe zote. Alipiga magoti akapanga vibakuli kama kumi mbele yangu, kila kimoja na kitu kidogo ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

"Wali huu si kama wa Usevya," akasema kwa Kiswahili chake kilekile cha kwetu. "Lakini kula. Wewe ulikuwa unapenda ukoko."

Mimi sijawahi kupenda ukoko. Aliyekuwa anagombania sufuria ni Yustina.

"Bado napenda," nikasema.

Akanitazama kidogo, akanimiminia chai.

"Unakumbuka siku tuliyokwama mtoni Kavuu?"

"Nakumbuka."

"Nani alinibeba mgongoni?"

Yustina hakuwahi kunisimulia habari ya kumbeba mtu. Nilitafuna samaki muda mrefu kuliko samaki alivyohitaji.

"Ni zamani, Mwalimu. Tulikuwa wengi."

"Ndiyo," akasema. "Mlikuwa wengi."

Akaanza kukusanya vibakuli. Nikadhani yameisha.

"Saa nne nimekuwekea bafu," akasema. "Hapa wanawake tunaoga pamoja, maji ya moto. Nitakusugua mgongo, kama wewe ulivyonisugua nilipougua malaria."

Yustina alimwagikiwa uji wa moto akiwa mtoto. Kovu lake lilianza begani likashuka mpaka kiunoni, na mtu aliyewahi kuliona hawezi kulisahau. Mgongo wangu mimi hauna hata alama ya ndui.

"Mwalimu, samahani. Niko kwenye siku zangu."

"Oo. Pole." Akainuka polepole, ameshika magoti. "Basi tutaenda hekaluni. Vaa kitu chepesi, nje kuna joto."

Nilishukuru moyoni. Nilikuwa sijui nashukuru nini.

Ulikuwa mwezi wa nane, na joto lao linashinda la Mpanda mwezi wa kumi. Tulipanda ngazi za mawe katikati ya nyumba za mbao na maduka madogo, Mwalimu mbele na mwavuli wake, mimi nyuma natokwa jasho. Kwenye lango la hekalu kulikuwa na foleni ndefu ya watu wametulia kama wako kwenye maungamo.

"Wanasubiri nini?" nikauliza.

"Siku hizi waliokufa wanarudi kusalimia nyumbani. Tunakuja kuwaita."

Nikafanya ishara ya msalaba chini chini, pale tumboni, asinione.

Mbele kulikuwa na meza, na mtawa mwenye kipara ameshika brashi ya wino. Kila aliyefika alimnong'oneza jina, naye akaliandika kwenye kibao chembamba cha mti. Zamu yetu ilipofika, Mwalimu aliinama akasema maneno yao. Mtawa akachovya brashi. Wakati anaandika alikuwa analitamka jina taratibu, kipande kimoja kimoja, asikosee.

"Yu... su... ti... na."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mwalimu, amesema nini?"

"Jina."

"Jina la nani?"

Alipokea kibao kwa mikono miwili. Hakuniangalia.

"La mtoto niliyemfundisha hesabu," akasema. "Naliandikisha hapa kila mwaka tangu 2008. Padri Anselmo wa Usevya aliniandikia alipomzika."

Watu nyuma yetu walikuwa wanasubiri. Mwalimu akanishika kiwiko, taratibu, kama unavyomsogeza mgonjwa.

"Twende kwenye kengele ya kuwaitia. Wewe ni dada yake. Vuta wewe."

Kengele yenyewe imefichwa ndani ya kuta, huioni. Unaona kamba tu imetokeza kwenye tundu. Niliishika kamba nikavuta, na mlio ukatoka mzito, chini, kama umetoka ardhini. Kuna mama pembeni yangu alikuwa analia kwenye kitambaa. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria nitatorokaje nchi ambayo sijui hata kusoma kibao cha choo.

Tulishuka zile ngazi tukarudi hotelini.

Nilipofika chumbani nikavuta begi nikaanza kutupia nguo ndani. Nilikuwa bado natafuta chaja ya simu Mwalimu aliposukuma mlango. Ameleta chai. Akaketi pale pale mlangoni, kwa hiyo nisingeweza kutoka bila kumruka.

"Verdiana," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikakaa chini.

"Sikukuita nikuaibishe."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ngoja kwanza."

"Kama ulijua tangu mwanzo, kwa nini uliendelea kuniandikia?"

"Kwa sababu ulikuwa unajibu." Akanimiminia chai. "Nilikuwa nimemwandikia tena kabla barua ya Padri haijanifikia, halafu likaja jibu lako, nikakasirika sana. Nikasema huyu ni mtu gani, anavaa jina la marehemu. Halafu ukaandika mtoto ameota meno. Ukaandika mtoto ameanza chekechea, analia kila asubuhi. Nikajua Yustina ameacha mtoto, na kuna mtu anamlea vizuri. Nikaogopa nikisema najua, utanyamaza. Nitakuwa nimempoteza na mtoto."

Miaka yote hiyo nilikuwa najiona mjanja.

"Nimekuita kwa ajili ya swali moja," akasema. "Nimezeeka. Nataka kulisikia jibu kwa masikio yangu, si kwenye karatasi."

"Uliza, Mwalimu."

"Mwaka 2005 nilimwandikia Yustina barua tatu. Nilikuwa nimemtafutia nafasi ya chuo hapa Kyoto. Nilizunguka sana kuipata. Angesoma mchana, jioni angekaa na mimi hapa. Chumba hiki unamolala kilikuwa chake, mimi na marehemu mama tulikipaka rangi. Barua ya kwanza hakujibu. Ya pili hakujibu. Ya tatu pia." Akaweka birika chini. "Zilifika?"

Hicho ndicho kitu nilichokuwa sijakiandika.

"Hazikufika," nikasema. Nilisema haraka, hata kabla hajafunga mdomo.

"Hazikufika?"

"Hapana, Mwalimu. Posta ya kwetu wakati ule ilikuwa shida. Hazikufika hata moja."

Alifumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, na mabega yake yakashuka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba tangu stesheni alikuwa ameyainua.

"Ile ya tatu niliiandika kwa hasira," akasema, macho bado yamefumba. "Nilimwambia hana shukrani. Nilimwambia asiniandikie tena. Kisha Padri akaniambia aliolewa mwaka uleule. Nikajua ni mimi. Nilimfungia mlango, akaenda kwa mwanaume wa kwanza aliyemfungulia. Na huko ndiko alikofia. Miaka ishirini, Verdiana, ninaamka na jambo hilo. Leo unaniambia hakuisoma."

Halafu alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alisogeza vikombe pembeni, akaweka viganja vyake kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Asante," akasema.

Mama wa miaka sabini, amenisujudia mimi, kwa sababu nimemdanganya vizuri.

Aliongea akiwa bado ameinama. "Chumba nimekitunza. Mwambie Nyanzala aje. Atasoma hapa kama mama yake alivyotakiwa kusoma. Nina sharti moja tu. Kabla hajaja, umwambie mama yake alikuwa nani."

Ndugu msomaji, kila kitu kilikuwa mkononi mwangu. Mtoto wangu angesoma Japani. Mwalimu angekufa na amani yake. Yustina yuko kaburini na hawezi kusema. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai.

Lakini yule mama alikuwa hainuki. Nywele zake nyeupe zilikuwa pale karibu na goti langu.

"Inuka, Mwalimu," nikasema. "Inuka tafadhali. Zilifika."

Aliinuka.

"Zilifika zote tatu. Mimi nilikuwa napika jikoni kwa mapadri. Barua zote za Usevya zilikuwa zinapitia pale. Ya kwanza niliifungulia kwenye mvuke wa sufuria ya maharage. Nikaisoma. Nikaificha ndani ya sidiria mpaka jioni."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa ameanza kutoona. Nikasema Yustina akienda, nitabaki peke yangu na mama na mashamba ya mpunga."

Alinitazama tu. Ananisubiri.

"Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najiambia," nikasema. "Ya kweli ni wivu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alifaulu, akapendwa na mwalimu, akajifunza hata kusalimia Kijapani. Mimi nilikuwa na masizi. Kila Jumamosi alikuwa anakuja mlango wa jikoni kuniuliza, dada, hakuna barua yangu? Namwambia hakuna. Anasema, labda wiki ijayo. Amekuja Jumamosi nyingi, Mwalimu. Mwisho akaacha kuja."

"Ya tatu?" akauliza. "Ile ya tatu?"

"Hakuisoma. Hakusoma hata moja. Alidhani umemsahau."

"Mpaka alipokufa?"

Nilitamani nidanganye tena. Nilitamani kweli.

"Mpaka alipokufa."

Mwalimu Haruko aliangalia kikombe chake. Alikizungusha kidogo, akakirudisha kilipokuwa. Kisha akainuka akishika ukingo wa mlango, akatoka, na akausukuma ule mlango wa karatasi polepole mpaka ukagusana na mwenzake. Nilisikia soksi zake kwenye ubao wa korido, hatua tano au sita. Halafu zikakoma. Hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amesimama, na mimi nilikuwa nasikia anavyohema.

Nilibaki nimekaa na begi langu. Nilijua nimempoteza yeye, na nafasi ya Nyanzala nimeipoteza. Cha ajabu, kifua kilikuwa chepesi kidogo. Nikasema moyoni, angalau yaliyobaki ni ya kwangu. Nitarudi Mpanda, nitamkalisha mtoto chini siku nitakayokuwa tayari, nitachagua maneno.

Simu ikaita.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni pale, kwa hiyo nyumbani ni saa tano asubuhi. Nyanzala. Nilisita, nikapokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uko sokoni?"

"Niko nyumbani. Mama, naomba usikasirike."

Nyanzala anaongea haraka siku zote, hata mwalimu wake wa kidato cha sita alikuwa analalamika. Siku hiyo alikuwa anaongea kama anasoma kwenye ubao wa mbali.

"Umefanya nini?"

"Maombi ya chuo wanafunga kesho. Wanataka cheti cha kuzaliwa, na wewe kila nikikuuliza unasema utakitafuta. Nikaona nisikusumbue huko uliko. Nimelipeleka lile sanduku lako la bati kwa fundi wa kuchomelea hapa mtaani, akakata kufuli."

"Nyanzala. Funga hilo sanduku."

"Cheti nimekipata, mama."

"Nimesema funga."

"Jina langu wameandika sawa. Mahali pa jina la mama wameandika Yustina." Nikasikia karatasi. "Nikasema labda walikosea wale wa wilaya. Halafu nikakuta barua chini ya vitenge, ziko tatu, za stempu za nje. Zote zimeandikwa Yustina. Ya kwanza inasema chumba chako kiko tayari, dirisha linaangalia hekalu. Mama, Yustina ni nani?"

Miaka kumi na minane nilikuwa najiandaa na swali hilo.

Mlango ukasukumwa. Mwalimu Haruko alikuwa amesimama pale, macho mekundu. Nimewaambia ile ni karatasi. Na simu yangu ina sauti kubwa, alikuwa amesikia kila neno.

"Amefika barua ya ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikarudia kwenye simu. "Umesoma ngapi?"

"Mbili. Mama, nani anaongea hapo?"

"Mwambie asifungue ya tatu," Mwalimu akasema. Alishapiga magoti mbele yangu. "Verdiana, mwambie. Isiwe hiyo. Mtoto asinijue kwa hiyo."

"Nyanzala, nisikilize. Hiyo ya tatu iache."

"Nimeshaifungua," akasema mwanangu. "Iko mkononi. Nimesoma mstari wa juu. Mama, huyu mtu alikuwa anamtukana? Yustina alimkosea nini?"

Mwalimu Haruko alinyoosha mikono yake yote miwili. Hakuuliza. Nilimpa simu, nikaona anavyoiweka sikioni kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Nyanzala," akasema. "Mimi ndiye niliyeiandika. Usiisome peke yako, mwanangu. Nisomee mimi."

Halafu nikasikia, mbali na sikio langu, sauti ya mtoto wangu ikianza kusoma.